Kula zaidi na kufanya mazoezi zaidi: je, mwili utapungua?

Kila tunapozungumzia kisukari, presha au unene katika vipindi vyetu vya afya, swali moja halikosi kurudi kwenye ujumbe mfupi wa wasikilizaji. Kila mmoja huliuliza kwa namna yake, lakini kiini ni hiki: “Mimi kulala na njaa siwezi. Je, nikiendelea kula nikashiba, hata nikaongeza kidogo, halafu nikafanya mazoezi zaidi, nitapungua?”

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, mazoezi yazidi kile ulichoongeza kwenye sahani. Pili, kinachoongezwa kiwe chakula kinachojaza tumbo, si kile kinachopita mdomoni haraka na kuacha mafuta mwilini. Tatu, usiyale malipo yote ya jasho lako. Ukikosa sharti moja, mzani utabaki pale pale, na wakati mwingine utapanda.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo. Hesabu zilizomo unaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani.

Kwa nini suala hili ni la kijijini pia

Wengi bado wanadhani unene ni tatizo la watu wa mjini wenye magari. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mjini hali ni mbaya zaidi, lakini vijiji navyo vimo.

Tazama mambo yaliyobadilika katika maisha ya kijiji. Mahindi yaliyokuwa yakitwangwa kwenye kinu sasa yanapelekwa mashineni. Maji yaliyokuwa yakifuatwa mtoni yanachotwa bombani karibu na nyumba. Safari ya gulioni ya saa mbili kwa miguu imekuwa ya dakika kumi na tano juu ya bodaboda. Mahali pengine trekta au jembe la kukokotwa na ng'ombe limechukua nafasi ya jembe la mkono. Yote haya ni maendeleo, na hatuombi mtu arudi kwenye kinu. Lakini sahani haikubadilika. Kilima cha ugali kilichopimwa kwa tumbo la mtu aliyelima tangu alfajiri bado kinapakuliwa vile vile kwa mtu aliyeketi dukani mchana kutwa. Juu ya sahani hiyo hiyo zimeongezeka soda, chapati, chipsi na mafuta ya kupikia ambayo wazazi wetu waliyapima kwa kijiko.

Madhara yake hayaishii kwenye nguo kubana. Mafuta yanapojikusanya tumboni, hatari ya kisukari, presha, kiharusi na magonjwa ya moyo huongezeka. Kisukari kikishaingia katika familia ya mkulima kinadai nauli ya kliniki kila mwezi, fedha za dawa, na mara nyingine mguu wenyewe. Ndiyo maana kulielewa suala hili mapema kunaokoa fedha na uhai.

Mwili unavyoweka hesabu

Chakula huupa mwili nishati, na nishati hiyo hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga, kama ule wa ugali, wali au muhogo, ina kalori 4. Gramu moja ya protini, kama ya maharage, samaki au mayai, nayo ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya mara mbili. Pombe ina kalori 7 kwa kila gramu.

Mwili hutumia nishati hiyo kwa njia tatu. Sehemu kubwa zaidi, kwa watu wengi kati ya asilimia 60 na 70, hutumika hata ukiwa umelala: moyo kupiga, mapafu kuvuta pumzi, ubongo kufanya kazi, joto la mwili kubaki palepale. Karibu asilimia 10 hutumika kusaga chakula chenyewe. Inayobaki ndiyo ya kutembea, kulima, kubeba, kufua na mazoezi mengine yote. Sehemu hii ya mwisho ndiyo unayoweza kuiongeza au kuipunguza kwa hiari yako.

Kalori zisizotumika hazitupwi. Mwili unazihifadhi kama mafuta, kama mkulima anavyoweka gunia ghalani kwa ajili ya miezi ya njaa. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Kwa hiyo ukizidisha kalori 100 tu kila siku, ambazo ni kama ndizi moja mbivu, kwa mwezi umeweka akiba ya kalori 3,000, yaani karibu gramu 400. Huwezi kuona tofauti kwa wiki moja. Baada ya misimu miwili au mitatu, mshipi wa suruali ndio unaoanza kusema.

Bei ya chakula kwa dakika za kutembea

Tuchukue mtu mwenye kilo 70 anayetembea kwa mwendo wa haraka, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa saa moja hutumia takriban kalori 200 zaidi ya ambazo angetumia akiwa ameketi. Akilima kwa jembe la mkono, hutumia kati ya 250 na 300 kwa saa. Mtu mzito zaidi hutumia zaidi kidogo, na mwepesi hutumia pungufu.

Sasa linganisha na vitu tunavyokula na kunywa bila kuvihesabu:

• Soda ya chupa ya mililita 300: takriban kalori 130, sawa na kutembea dakika 40.
• Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kikiwa na vijiko vinne vya sukari: takriban kalori 190, karibu saa nzima.
• Andazi moja kubwa: takriban kalori 200, saa nzima.
• Bia moja ya mililita 500: takriban kalori 200, saa nzima.
• Chapati moja ya mafuta: kati ya kalori 250 na 300, saa moja na robo au zaidi.
• Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia: takriban kalori 120, zaidi ya nusu saa.
• Yai moja la kuchemsha: takriban kalori 75, dakika 20 hivi.

Namba hizi hubadilika kidogo kulingana na mkono wa mpishi, lakini zinaonyesha jambo moja wazi. Kula ni rahisi na haraka. Kuchoma kile ulichokula ni kazi ndefu. Andazi linaliwa kwa dakika mbili na kulipwa kwa saa moja barabarani. Mtu anayetembea nusu saa jioni halafu akapita kibandani kunywa soda ya kujipongeza ameshakunywa mazoezi yote, na juu yake amebaki na deni.

Somo kutoka kwa Wahadzabe

Mwaka 2012 timu ya watafiti iliyoongozwa na Herman Pontzer ilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika hapa Tanzania, miongoni mwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Baadhi ya Wahadzabe bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota matunda ya porini. Wanaume hutembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, na wanawake kama kilomita 6. Watafiti waliwanywesha watu wazima 30 maji maalumu, ambayo baadaye hupimwa kwenye mkojo ili kujua mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku.

Kila mtu alitarajia kuwa Wahadzabe wangekuwa wanachoma kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao kwa siku yalikuwa karibu sawa na ya watu wa mijini.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili ni mchumi. Unapozoea kazi nyingi, hubana matumizi mahali pengine: unatulia zaidi wakati wa mapumziko na unapunguza shughuli za ndani zisizo za lazima. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2021, uliotumia vipimo vya watu zaidi ya 1,700, ulikadiria kuwa kwa wastani asilimia 28 ya kalori zinazotumiwa na mazoezi ya ziada hufidiwa na mwili kwa njia hiyo.

Tuirudie hesabu yetu. Umetembea saa moja na kutumia kalori 200. Mwili umebana kalori 56 kimyakimya. Faida halisi ni kalori 144. Ukirudi nyumbani ukala andazi moja la kalori 200 kwa kuwa “leo nimefanya mazoezi,” umezidisha kalori 56. Siku hiyo umefanya mazoezi na bado umeongeza akiba.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Husema, “Nimekimbia miezi mitatu, sijapungua hata kilo.” Hawakuwa wavivu. Walilipa kwa miguu na kukopa kwa mdomo. Kumbuka pia kwamba Wahadzabe wanaotembea namna ile hawali maandazi wala kunywa soda. Ni wembamba, na sahani yao ina sehemu kubwa katika hilo.

Basi kwa nini tusilale njaa tu?

Kama chakula ndicho chenye nguvu zaidi kwenye mzani, msikilizaji anaweza kusema: acha jasho, nitakula mlo mmoja tu kwa siku. Njia hiyo nayo ilishapimwa. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, vijana 36 waliojitolea walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita, huku wakitembea zaidi ya kilomita 30 kwa wiki. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini walipoteza misuli na nguvu, walisikia baridi muda wote, wakawa na hasira, na mchana kutwa waliwaza chakula. Jaribio lilipokwisha na wakaruhusiwa kula watakavyo, wengi walikula kupita kiasi kwa majuma mengi, na mafuta yakarudi haraka kuliko misuli.

Kwa mkulima njia ya njaa ni mbaya zaidi. Misuli ndiyo jembe lake la kwanza. Ukiipoteza, umepoteza uwezo wa kufanya kazi, na mwili wenye misuli michache hutumia kalori chache hata ukiwa umelala. Njaa ya leo ndiyo inayotayarisha unene wa kesho.

Upande wa pili, kukaa bila kazi nako kunaharibu kipimo cha tumbo. Mwaka 1956 mtafiti Jean Mayer na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa kiwanda cha juti huko West Bengal, India. Waliofanya kazi za mikono, kuanzia nyepesi hadi nzito, walikula kulingana na kazi zao: kazi ilipozidi, chakula kilizidi, na uzito haukupanda. Lakini walioketi kutwa nzima hawakula kidogo kama kazi yao ilivyotaka. Walikula zaidi ya waliofanya kazi nyepesi, nao ndio waliokuwa wanene zaidi. Inaonekana mwili unaotembea hujua kiasi unachohitaji, na mwili ulioketi husahau.

Tukiweka masomo haya pamoja, tunapata njia ya katikati: kula vya kutosha, fanya kazi vya kutosha, lakini acha pengo dogo kati ya hivyo viwili. Pengo hilo dogo, likidumu, ndilo linalopunguza mwili bila kuubomoa.

Namna ya kula zaidi bila kuongeza kalori

Tumbo halihesabu kalori. Linahisi ujazo, uzito wa chakula na muda kinaokaa. Hii ndiyo siri ya anayetaka kushiba huku akipungua. Ongeza vyakula vinavyojaza tumbo kwa kalori chache, na upunguze vile vyenye kalori nyingi katika tonge dogo.

Mboga za majani. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda na kabichi vina maji mengi na nyuzinyuzi. Unaweza kuongeza mara mbili au tatu ya kiasi unachokula sasa. Tahadhari ni moja tu: mafuta. Mboga ya kalori 40 iliyokaangwa kwa vijiko vitatu vya mafuta imekuwa mboga ya kalori 400. Pika sufuria nzima ya familia kwa vijiko viwili, na ongeza nyanya, kitunguu na maji.

Maharage, kunde, choroko, dengu, dagaa, samaki, mayai na mtindi. Protini hukaa tumboni kwa muda na hulinda misuli unapopungua. Bakuli la maharage yaliyochemshwa litakufikisha jioni bila kutafuta kitafunwa.

Matunda mazima. Kula chungwa, usilikamue. Juisi huacha nyuzinyuzi na kukupa sukari ya machungwa matatu kwa mkupuo mmoja.

Ugali, wali, viazi na ndizi. Hivi havina ubaya wowote, ndivyo vinavyotulisha. Kinachohitaji kuangaliwa ni kiasi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kalori 360. Mtu anayekula ugali wa gramu 200 za unga kwa mlo mmoja amepata kalori 720 kabla hajagusa mboga. Akipunguza theluthi moja ya ugali huo, amepunguza kalori 240, zaidi ya saa nzima ya kutembea, na nafasi iliyobaki kwenye sahani anaijaza mboga na maharage. Dona na sembe hazitofautiani sana kwa kalori, lakini dona ina nyuzinyuzi zaidi na hushibisha kwa muda mrefu.

Kwa kukumbuka kirahisi, igawe sahani kwa macho: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, samaki au nyama. Ukimaliza na bado una njaa, ongeza kutoka kwenye ile nusu, si kutoka kwenye robo ya ugali.

Vinywaji ndio mahali rahisi pa kuanzia, kwa sababu kalori za kinywaji hazishibishi. Ukishusha sukari ya chai kutoka vijiko vinne hadi kimoja, kwa vikombe vitatu umeokoa takriban kalori 145 kila siku. Usishuke kwa siku moja. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Mazoezi ya mtu wa kijijini

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya kuimarisha misuli. Dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Hakuna ulazima wa viatu vya bei wala uwanja. Kulima, kupalilia, kukata majani ya ng'ombe, kubeba ndoo na kupanda mlima kwenda shambani vyote vinahesabika, mradi moyo uende mbio kidogo na jasho litoke.

Kwa anayetaka kupungua na kubaki amepungua, kiasi hicho ni mwanzo tu. Nchini Marekani kuna daftari maalumu la watafiti, lililoanzishwa mwaka 1994, linalofuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13 na kudumu hivyo kwa mwaka au zaidi. Wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kila siku, na kutembea ndiko kunakotajwa zaidi.

Kwa anayeketi dukani, mashineni, juu ya bodaboda au kwenye cherehani, tunapendekeza haya. Shuka kwenye pikipiki kilomita mbili kabla ya kufika, asubuhi na jioni. Simama na utembee dakika tano kila saa. Siku mbili au tatu kwa wiki fanya mazoezi ya misuli: kuchuchumaa na kuinuka mara 10 hadi 15, kusukuma ukuta kwa mikono idadi hiyo hiyo, na kuinua madumu mawili ya maji ya lita tano. Rudia mizunguko mitatu. Misuli ikitumika, mwili huilinda na kuchoma mafuta badala yake.

Sahani ifuate msimu

Jambo hili watu wa ofisini hawalijui, lakini sisi wa vijijini tunaishi nalo. Kazi yetu haiko sawa mwaka mzima. Wakati wa kutayarisha mashamba na kupalilia, mtu anaweza kulima saa nne au tano kwa siku na kutumia kalori 1,000 au zaidi juu ya mapumziko. Miezi hiyo ghala nalo mara nyingi liko karibu kuisha. Baada ya mavuno mambo hugeuka: jembe linapumzika, chakula ni tele, ngoma na harusi hufuatana, pombe inapikwa. Kwa maneno mengine, tunakula zaidi wakati tunapofanya kazi kidogo, na kidogo wakati wa kazi nyingi.

Kwa hiyo mkulima anayetaka mwili wenye uwiano aigeuze kanuni. Msimu wa jembe, kula vizuri na usijinyime; huo si wakati wa kubana chakula, kwani utaishia kuishiwa nguvu juani. Msimu wa mapumziko, punguza theluthi ya ugali na rudisha mwendo kwa makusudi: tembea kwenda gulioni, kata kuni, rekebisha matuta, cheza mpira na vijana. Na kwenye sherehe, jaza sahani mara moja, si mara tatu.

Mfano wa hesabu ya wiki

Tuseme mtu wa kilo 80 anakunywa soda moja kila siku, chai ya vijiko vinne mara tatu, na hatembei. Anaacha soda (130) na kushusha sukari ya chai hadi kijiko kimoja (145). Anatembea saa moja kila siku, ambayo kwake ni kama kalori 230. Baada ya mwili kubana sehemu yake, tuhesabu 165. Kwa kuwa ametembea na njaa imeongezeka, anajiruhusu yai moja la kuchemsha na bakuli la mboga zaidi, jumla 125.

Toa na ujumlishe: 130, 145 na 165 ni 440, ondoa 125, inabaki 315 kwa siku. Kwa wiki ni takriban kalori 2,200, yaani gramu 280 hivi. Kwa mwezi ni zaidi kidogo ya kilo moja. Amekula yai na mboga ambazo hakuwa anakula, hakulala na njaa, na anapungua. Badilisha yai hilo kwa chapati na soda, na pengo lote limezibwa.

Kasi hiyo itapungua kadiri mwili unavyokuwa mwepesi, maana mwili mwepesi hutumia nishati kidogo. Hilo ni la kawaida. Yeyote anayekuahidi kilo kumi kwa wiki mbili kwa dawa au chai fulani anataka fedha yako. Kinachopungua haraka namna hiyo ni maji zaidi ya mafuta.

Pima nini, lini?

Mzani upo kwenye zahanati nyingi; pima mara moja kwa wiki mbili, siku ile ile na saa ile ile. Nyumbani tumia futi ya fundi cherehani. Zungushia kiunoni, katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kwa wanaume hatari huanza kuongezeka kuanzia sentimita 94, na kwa wanawake sentimita 80. Kama huna futi, tumia kamba na ufunge fundo. Mwezi ujao linganisha. Mara nyingine uzito hausogei lakini kiuno kinapungua, kwa sababu misuli inaongezeka huku mafuta yakitoka. Hayo ni mafanikio.

Nani aanze na mhudumu wa afya?

Usianze mpango wa kupungua bila ushauri ikiwa una ujauzito au unanyonyesha. Watoto nao hawapaswi kunyimwa chakula. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, au maumivu ya kifua anapopanda mlima aonwe kwanza. Mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari awe makini zaidi: akiongeza mazoezi au kupunguza chakula bila dawa kurekebishwa, sukari inaweza kushuka ghafla. Kutetemeka, jasho baridi, kizunguzungu na kuchanganyikiwa ni dalili zake. Asiache dawa kwa hiari yake. Aende kliniki, na awe na kitu chenye sukari mfukoni anapotembea.

Na kuna kupungua ambako si kwa kufurahia. Mtu anayekonda bila kujaribu, hasa akiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku, au kiu kali na kukojoa mara kwa mara, apimwe. Inaweza kuwa kifua kikuu, maambukizi ya VVU au kisukari, na yote yana matibabu.

Maneno ya watu

Bado yapo mazingira ambako kitambi ni cheti cha mafanikio, na mke mwembamba huonwa kuwa dalili kwamba mume hamlishi. Ukianza kupungua utaulizwa kama unaumwa, na wengine watanong'ona. Jambo hili limewarudisha nyuma watu wengi kuliko njaa yenyewe. Waambie wa nyumbani mapema unachofanya na kwa nini. Ikiwezekana fanyeni pamoja, maana sufuria ni moja: mpishi akipunguza mafuta, nyumba nzima imefaidika. Kwa wengine jibu linatosha kuwa fupi: “Niko salama, napunguza tumbo tu.”

Turudi kwenye swali la mwanzo. Ndiyo, unaweza kula ukashiba, ukaongeza mazoezi na ukapungua. Ongeza mboga na maharage, usiongeze mafuta na sukari. Tembea kila siku, lakini usile jasho lote. Fuata msimu wako wa kazi. Na upime kiuno leo, ili baada ya miezi mitatu uwe na cha kulinganisha.